Siku Mpishi Hakuonja Uji

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Marehemu mama, kule Tanga, alikuwa akinichukua sokoni makusudi ili niangalie mizani wakati yeye anazungumza na muuzaji. Nikikwambia nimekuamini, ujue nimeshakuchunguza mara mbili. Kwa hiyo nilipohamishiwa shule moja ya kata upande wa Murungu, huku Kibondo, baada ya kufundisha hisabati Kasulu kwa miaka kadhaa, wenzangu wakawa wanaulizana mbona madam haongei. Nilikuwa naongea. Nilikuwa nawatazama kwanza.

Shule yenyewe ilikuwa mpya, ina vidato viwili tu na wanafunzi mia na ishirini. Nyuma ya madarasa kulikuwa na jiko la mabanzi, na saa nne asubuhi uji ulitoka hapo. Mzazi aliyechangia mahindi, mwanawe anakunywa. Ambaye hajachangia, mwanawe anakaa kwenye msingi wa darasa na daftari mkononi, anajifanya anasoma. Wanywaji walikuwa tisini, na hao wa kwenye msingi walikuwa thelathini. Utaratibu huo uliniudhi tangu siku ya kwanza, lakini mgeni hapangi mambo ya watu.

Mpishi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ndogo. Wazazi wake walikuja wakikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, akaolewa huku, uraia anao na shamba analo. Hata hivyo akikosana na mtu kisimani, neno la kwanza analotupiwa ni arudi kwao. Hakuwa mtu wa kujibu. Mimi mtu asiyejibu humtilia shaka zaidi kuliko anayegomba.

Alikuwa na jambo moja ambalo watoto walilipenda. Uji ukishaiva, kabla ya kumpa mtu yeyote, alichota kwa upawa, akamimina kwenye kikombe chake cha bati, akanywa mbele ya foleni. Ni desturi ya huku. Anayekukaribisha kinywaji anaonja yeye kwanza ili ujue hakuna kitu ndani, na hata pombe ya ndizi kwenye sherehe haiguswi kabla mwenye nyumba hajaionja. Watoto hawakusogea mpaka wamwone amemeza. Pwani hatuna hilo, na nilipoliona mara ya kwanza nilijiuliza ni watu wa namna gani hawa, wanaoanza na wazo la sumu. Halafu nikajicheka, maana walikuwa wamenishinda kwa kitu changu mwenyewe.

Siku ninayoisimulia mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Saa nne ilipofika, yule mama alichota, akajaza moja kwa moja kikombe cha mtoto wa kwanza. Kikombe chake cha bati kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari.

"Mama, leo huonji?" binti mmoja wa mbele akauliza.

"Oya," alisema, yaani hapana. "Leo kunyweni tu."

Watoto wakatazamana. Foleni ilisita, kisha njaa ikaisukuma, wakanywa. Mimi nilimtazama usoni. Midomo yake ilikuwa mikavu, na hakutaka macho yetu yakutane. Nikaliweka hilo kichwani.

Haikufika saa sita. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alitapika darasani, akafuata wa dirishani, halafu ikawa huku na kule. Tumbo, kichwa, kizunguzungu. Tuliwalaza kwenye nyasi. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa bodaboda na mfuko wa dawa, akawahudumia mmoja mmoja, na jumla aliyotutajia ilikuwa ishirini na saba. Namshukuru Mungu kwamba jioni wote walikuwa wanasimama kwa miguu yao. Mtoto wa mtu akikulegea mikononi hivyo, hesabu zote zinakutoka.

Walimu tulipita tukiuliza kila aliyelala: umekunywa uji? Wengi walisema ndiyo. Wachache walisema hapana, na mwenzetu mmoja akawaambia wanaigiza ili wakwepe kazi za mchana, wainuke waende nyumbani. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa tumeshapata jibu tulilolitaka, na lilikuwa limesimama pale jikoni likifuta mikono kwenye kitenge.

Jioni hiyo kila nyumba ilikuwa na sentensi moja: leo mama hakuonja. Watoto tisini waliiona, wakaipeleka kila mahali. Jiko likafungwa kufuli. Mpishi akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha wazazi. Kesho yake nikasikia mabati yake yamepigwa mawe, na dukani watu walikuwa wanasema wazi kwamba asipofukuzwa na kikao atafukuzwa na wao, arudi huko kwao. Huko kwao ni wapi, kwa mtu aliyezaliwa hapa? Lakini sikuuliza kwa sauti. Nami niliamini ametia kitu, au anajua nani katia. Mtu aliyeonja kila siku, aache siku hiyohiyo moja?

Kikao kilifanyika uwanjani, wanafunzi wakiwepo, kwani walikuwa wamepona wote. Mkuu wa shule alitaka yaishe haraka kabla ofisi za juu hazijasikia, na hilo nalo nililitilia shaka. Mwenyekiti wa kamati ya chakula ndiye aliyesimama. Alikuwa mkulima mwenye mashamba makubwa bondeni, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Nilijua shemeji yake alishawahi kuomba kazi ya pale jikoni akakosa, kwa hiyo nilimsikiliza kwa sikio la pembeni. Mpishi aliketi peke yake kwenye ukingo wa uwanja, mikono mapajani. Hakuna aliyeketi karibu naye.

"Wagonjwa ni ishirini na saba," mwenyekiti alisema. "Waliokunywa uji ni tisini. Ukijumlisha, watoto mia na kumi na saba wameguswa na jambo hili. Shule nzima wamesalimika watatu. Watatu tu, ndugu zangu."

Wazazi wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema mpishi aletwe hapa katikati. Mimi hesabu ile iliniuma kama jiwe kwenye wali. Mada ya uwezekano nilikuwa nimeifundisha Kasulu mpaka koo likakauka, na kosa lile nilikuwa nikilisahihisha kila mwaka kwenye karatasi za vijana. Nikasimama. Naomba nieleweke: sikusimama kumtetea yule mama. Nilitaka anaswe, ila anaswe kwa hesabu safi, asije kesho mtu akasema tulimwonea.

"Mzee, kwa heshima," nilisema, "hapo umewahesabu watu wengine mara mbili."

"Mwalimu, wagonjwa ni wagonjwa na wanywaji ni wanywaji."

"Ngoja tuone kwa macho."

Nikawaambia wanafunzi wote wasimame. Aliyekunywa uji siku ile anyooshe mkono wa kushoto. Aliyeumwa anyooshe wa kulia. Aliyepatwa na yote mawili anyooshe miwili. Tukahesabu mikono, mkuu wa shule upande mmoja na mimi upande wa pili, na ikawa mia na kumi na saba kama mwenyekiti alivyosema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikaomba tuhesabu watu wenye mkono juu, siyo mikono. Wakawa tisini na tisa. Wale wa mikono miwili walikuwa kumi na wanane, na ndio aliowahesabu kwenye ugonjwa, akawahesabu tena kwenye uji. Waliokuwa na mikono chini kabisa, hawakunywa na hawakuumwa, walikuwa ishirini na mmoja, siyo watatu.

Mzazi mmoja akasema kumbe madam ana maneno. Mwenyekiti akasema sawa, tisini na tisa bado ni wengi, tuendelee.

Niliomba majivu. Nikaenda jikoni mwenyewe, mkuu akanifungulia kufuli, nikatoka na ndoo. Nikachora uwanjani mstari mmoja mrefu na mwingine wa kuukata katikati, zikatokea nafasi nne. Waliokunywa wakae upande wa jiko, wasiokunywa upande wa barabara. Walioumwa wasogee mbele, wazima warudi nyuma. Lilikuwa jedwali lilelile la ubaoni, ila namba zilikuwa na sare na miguu yenye vumbi.

Wakajipanga. Waliokunywa wakaumwa, kumi na wanane. Waliokunywa wakabaki wazima, sabini na wawili. Upande wa barabara nyuma, wale ishirini na mmoja. Na mbele yao, katika nafasi ya nne ambayo nilitegemea iwe tupu au na mtoto mmoja wa kuigiza, walisimama watoto tisa.

Niliwahesabu tena. Tisa.

"Haya, umeona?" mwenyekiti alisema. "Wagonjwa ishirini na saba, kumi na wanane wamekunywa uji. Theluthi mbili! Unataka nini zaidi, mwalimu?"

Nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa hoja hiyo ilinivutia, maana ilikuwa inaelekea nilikotaka. Lakini wale tisa walikuwa wamesimama mbele yangu na hawakuwa na mahali pa kwenda. Kama hawakunywa uji, waliumwaje na uji?

"Mzee, umeanzia kwa wagonjwa ukauliza wangapi walikunywa," nilisema. "Watoto watatu katika kila wanne hapa wanakunywa. Ukiwakusanya wenye kiatu kilichochanika, wengi wao pia watakuwa wanywaji wa uji, na uji haukuwachania viatu. Tuanzie upande wa pili. Tumshike mtoto yeyote aliyekunywa. Walikunywa tisini, wameumwa kumi na wanane. Ni mmoja kati ya watano. Sasa tumshike yeyote ambaye hakunywa. Ni thelathini, wameumwa tisa. Ni watatu katika kila kumi."

Nikawaacha wapige hesabu wenyewe. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni ndiye aliyesema kwa sauti: basi ambaye hakunywa ndiye aliyeumwa zaidi. Kikao kizima kikageuka kuwatazama wale tisa, na wale tisa wakatazama chini. Na mimi nilipowaona wanatazama chini, shaka yangu yote ikahama kwa mguu mmoja. Iliondoka kwa yule mama kule ukingoni ikaja kusimama kwenye nafasi ya nne.

"Nyinyi mlikula nini siku ile?" niliwauliza.

Wakakunja midomo kama wamelishwa kiapo. Nikajua kuna kitu, na nikajua pia kwamba nikikitafuta kwa ukali hakitatoka.

"Sawa. Mnapita njia gani kuja shule?"

Njia ya bondeni, wakasema. Mmoja tu alisema ya barabarani. Nikafuta majivu kwa mguu, nikachora upya. Safari hii njia ya bondeni huku, njia nyingine zote kule, walioumwa mbele, wazima nyuma. Watoto wakatembea, na huko kutembea tu kulitosha, maana kabla sijahesabu, wazazi walishaanza kusimama ili waone vizuri. Wanaopita bondeni walikuwa arobaini, na ishirini na watano kati yao walisimama mbele. Wa njia nyingine walikuwa themanini, na mbele walisimama wawili.

"Sasa mtaniambia," nilisema, "au niwaulize wazazi wenu?"

Binti wa kidato cha pili ndiye aliyeanza kulia, na katika kulia akasema. Walichimba muhogo. Kwenye kona ya shamba pale mto unapovukwa, ambapo wamekuwa wakichimba miaka yote tangu shule ya msingi. Huku mpita njia mwenye njaa anaruhusiwa shina moja la ukingoni, ale mbichi akitembea, ilimradi achomeke tena kipande cha mti kwenye udongo. Siyo wizi. Ila asubuhi ile walikuwa kundi kubwa na walichimba zaidi ya shina moja, ndiyo maana walinyamaza. Wale wa msingi wa darasa ndio waliokula zaidi, kwa kuwa walijua saa nne hawana chao. Wale wawili wa njia nyingine walimegewa darasani, na huyo mmoja wa barabarani, ambaye hata uji hakupewa, alikuwa mmoja wao.

"Haukuwa mchungu?" mzazi mmoja akauliza.

"Ulikuwa mchungu kidogo. Tukajua ni jua."

Wazazi wakashusha pumzi. Kila mtu pale alielewa. Kiangazi kikiwa kikali hata muhogo mtamu unaingia uchungu kidogo, na mtoto wa huku anajua hivyo, anatafuna tu. Lakini ile kona haikuwa tena na muhogo mtamu. Mwenye shamba alikuwa ameng'oa akapanda ule mchungu, unaolowekwa siku kadhaa kabla ya kufanywa unga, ambao mtu huupanda ukingoni ili nguruwe pori na wachimbaji wakome. Na hakumwambia mtu.

Nilikuwa tayari nimeshamtengenezea mwenyekiti kesi yake kichwani. Bondeni mashamba makubwa ni yake. Sauti kubwa ni yake. Shemeji ni wake. Nikamtazama kama ninavyomtazama muuzaji mwenye mizani, nikisubiri aanze kuzungusha maneno. Akavua kofia.

"Kona hiyo ni yangu," alisema. "Nilibadili mbegu msimu uliopita. Sikuwaza watoto, niliwaza nguruwe."

Akakaa, na mimi nilibaki na kesi yangu mkononi haina wa kumpa. Mpaka leo kuna siku najiuliza kama hakuwa amejua tangu saa ile watoto walipolala kwenye nyasi. Najiuliza, halafu nakumbuka alivyovua ile kofia, naacha.

Kikao kiliisha kwa maazimio. Mpishi arudi kazini. Watoto wote thelathini wapewe uji, michango itafutwe kwa wazazi na siyo kwa matumbo ya watoto. Hilo alilileta mwenyekiti mwenyewe. Na kwa usalama, kuanzia sasa mwalimu wa zamu aonje pamoja na mpishi, mbele ya foleni. Hakuna aliyemwomba yule mama radhi. Watu walimpita wakimsalimia kwa sauti ya juu kupita kawaida, ndiyo radhi yao.

Mimi nilibaki, nikamfuata jikoni. Nilikuwa na swali langu ambalo majivu hayakulijibu, na mtu kama mimi halali nalo.

"Mama, siku ile kwa nini hukuonja?"

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nimefunga, mwalimu. Siku tatu, kwa maombi, na ile ilikuwa ya kwanza."

Nilikaa kwenye gogo. Mimi, ninayefunga Ramadhani tangu utotoni, nimetazama midomo mikavu na macho yanayokwepa, nikaona sumu.

"Sasa si ungesema! Wamepiga nyumba yako mawe, mama. Neno moja tu ungesema."

"Ukisema, mfungo unakuwa wa watu," alisema. "Haufiki tena kwa Imana."

Imana ndiye Mungu kwa lugha yake. Nikamuuliza alikuwa anaombea nini, swali ambalo halikunihusu. Akasema alikuwa anaombea kibarua hiki cha uji kisiishe.

Miezi ikapita. Uji ukawa wa watoto wote, na kila asubuhi vikombe viwili vilitoka msumarini, cha mpishi na cha mwalimu wa zamu. Mwenyekiti alizoea kupita mwenyewe saa nne kuangalia. Wazazi wengine pia walisimama uani kidogo, wakijidai wanaelekea shambani.

Ramadhani ilipoingia, asubuhi ya kwanza kabisa zamu ikawa yangu. Huku Waislamu ni wachache, mwezi ukiandama hakuna wa kukwambia. Nilikuwa nimekula daku peke yangu nikatoka, na mambo ya kikombe sikuyakumbuka mpaka nilipokipokea mkononi, cha moto, kimejaa. Foleni ilikuwa mia na ishirini. Mwenyekiti alisimama karibu na mlango, wazazi wawili nyuma yake.

Sikunywa. Ningeweza kusema neno moja, lile lile nililomgombeza yule mama kwa kutolisema. Lakini sikulisema, kwa sababu nilikuwa naona macho yao, na niliona neno lolote litasikika kama kisingizio. Watoto walianza kutazamana. Mwenyekiti akainamisha kichwa upande mmoja, akanikagua midomo. Niliujua mtazamo ule kuliko mtu yeyote pale. Niliogopa, sioni haya kusema. Niliogopa kama mtu mwenye hatia.

Yule mama aliweka upawa chini, akaja, akanichukulia kikombe mkononi taratibu.

"Madam amefunga," aliwaambia. "Nitamwonjea."

Akanywa changu mpaka nusu, watoto wakimtazama koo. Kisha akachukua chake, akanywa na hicho. Foleni ikasogea, na mwenyekiti akavaa kofia akaenda zake shambani.

Magharibi alikuja hadi mlangoni kwangu na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akaliweka mezani, akaondoka kabla sijamkaribisha kiti. Vilikuwa viazi vitamu na maharage, bado vya moto. Adhana huku haisikiki, mtu anafungulia kwa saa ya simu. Ilipofika nilikunywa maji, nikafunua bakuli, nikala. Sikutafuta kama ameonja.